Goti Jipya kwa Mwenye Figo ya Kupewa

Mwaka 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza mgonjwa figo ya pacha wake. Aliishi nayo miaka minane, na kwa wakati ule huo ulikuwa muujiza. Habari za magoti hakuna aliyeziwaza. Siklosporini, dawa inayoshusha kinga ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, ilipoanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1980, wasio na pacha nao wakaanza kuzeeka na figo za wenzao. Uzee ukaja na mambo yake, gegedu ikasagika mpaka mfupa ukakutana na mfupa.

Wengine goti huwaharibikia kabla ya uzee. Prednisoloni, inayomezwa ili mwili usiikatae figo, hudhoofisha mifupa, na kwa baadhi ya watu hukatiza damu mpaka kipande cha mfupa kikafa na kubonyea. Nyonga ndiyo huumia zaidi, lakini goti nalo halisalimiki. Tena wengi huwa wameshapitia miaka ya kusafishwa damu kwa mashine, madini ya mifupa yakiwa yamevurugika zamani.

Je, wabadilishiwe goti? Ndiyo. Maumivu hupungua na mtu hurudi kupanda ngazi, karibu sawa na mgonjwa mwingine yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu mwenye figo ya kupewa huambiwa upesi mno avumilie tu. Tofauti iko kwenye safari yenyewe: hulazwa siku nyingi zaidi, huongezewa damu mara nyingi zaidi, na maambukizi humwandama. Kwa watu wa kawaida, goti bandia huingiwa na vijidudu kwa mgonjwa 1 au 2 katika kila 100. Kwa waliopandikizwa hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Bakteria wakishatua juu ya chuma na plastiki hujitandia utelezi kama ule wa ndani ya mtungi usiosuguliwa, na dawa nyingi hupita juu bila kuwafikia. Kinga iliyoshushwa makusudi haipigi kelele: homa yaweza isipande, wekundu usionekane. Dalili pekee huenda ikawa bandeji inayolowa kidogo siku ya kumi, wakati ilipaswa kuwa imekauka.

Dawa inayoupenya utelezi huo vizuri, hasa vijidudu vikiwa ni stafilokoki, ni rifampisini, ileile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Lakini rifampisini hulichochea ini livunje takrolimasi, dawa inayoilinda figo, kwa kasi kubwa. Baada ya siku chache kiwango chake katika damu huporomoka, na mwili waweza kuanza kuikataa figo. Daktari akiongeza takrolimasi, lazima apime damu mara kwa mara. Siku rifampisini inapokoma, kiwango hupanda tena, na takrolimasi ikizidi huiumiza figo ileile. Ndiyo maana wengine huchagua rifabutini, isiyo na nguvu sana kwa ini, na wengine huacha kabisa kundi hilo la dawa.

Maumivu nayo yana mtego wake. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo, kwa hiyo mgonjwa hutulizwa kwa parasetamoli na sindano ya ganzi kwenye neva. Wodini hilo hufuatwa; tatizo ni ndugu mwenye huruma anayepitia duka la dawa akienda kumjulia hali. Sirolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwa wanaoitumia huchelewesha kidonda kufunga, hivyo hubadilishwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Prednisoloni haikatizwi ghafla hata kidogo, maana mwili uliozoea kuipokea hushindwa kutengeneza ya kwake.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Kabla ya hapo Watanzania wengi walipelekwa India. Magoti ya watu hao sasa yanakaribia umri wa kuuma, na Taasisi ya Mifupa iko ndani ya eneo hilohilo la hospitali. Kilicho muhimu ni faili la kliniki ya figo lifike huko kabla ya mgonjwa. Asubuhi ya upasuaji damu hutolewa kwanza kupima takrolimasi, kisha kidonge humezwa kwa funda moja la maji, ingawa mgonjwa amefunga tangu usiku. Amri hiyo iandikwe, kwa sababu muuguzi aliyefundishwa kwamba mgonjwa wa upasuaji hapewi kitu mdomoni atamnyima kidonge hicho kwa nia njema kabisa.