Jina la Mwanamuziki na Mtihani wa Imla

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliotuachia msemo huu waliishi zama za soko la kijiji, ambako mnunuzi alikiona chema kwa macho yake na kukigusa kwa mkono wake. Soko la muziki la siku hizi si la namna hiyo. Nyimbo zimerundikwa katika ghala kubwa la mtandao, na anayetaka kuutoa wimbo mmoja humo hana budi kuandika jina. Akiliendeleza vibaya, au jina lenyewe likiwa ni la maelfu ya watu na vitu vingine, chema kitaozea ghalani. Ndiyo maana nashikilia kwamba uchaguzi wa jina la bendi, ambao wengi huuona kuwa ni madaha ya vijana, ni suala la isimu na la riziki kwa pamoja.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu nilipozuru Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania. Vijana wanne wapigao iritungu, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane ambacho ni fahari ya Wakuria, waliniuliza: "Mwalimu, tujiite nani ili watu watupate?" Walikuwa wameandika majina matatu karatasini, yote ya Kiingereza: la kwanza lilimaanisha nyota, la pili hatima, na la tatu wana wa mtaa. Niliwaambia waziwazi kwamba yote matatu yangewazika.

Sababu yenyewe si ngumu. Mtambo wa kutafutia habari mtandaoni hausikii muziki wala haujui nani alitunga nini. Hulinganisha maandishi, kisha hutanguliza kile kinachotafutwa na wengi. Neno la kawaida la Kiingereza limekwisha kukaliwa na filamu, makanisa, kampuni na bendi za dunia nzima. Hutokea hata nyimbo za wasanii wawili wenye jina moja zikachanganywa katika ukurasa mmoja, na hapo mapato ya mmoja yaweza kuangukia mkononi mwa mwingine.

Je, kijana atumie basi jina lake la kuzaliwa? Peke yake halitoshi. Majina ya Wakuria ni mazuri, lakini hurudiwa mno: Chacha, Mwita, Marwa na Boke wamo karibu katika kila ukoo. Fauka ya hayo, mengine yana wenzake ugenini. Chacha hukutana na ngoma ya Kuba iliyovuma miaka ya 1950 kwa kazi ya Enrique Jorrín. Marwa ni kilima cha Makka kinachojulikana na kila Mwislamu. Boké ni mji na jimbo nchini Guinea. Mtafutaji asiyejua zaidi ya neno hilo moja atapelekwa huko kwanza.

Hata magwiji wetu hawakuepuka mkasa huu. Orchestra Super Mazembe, walioingia Nairobi mwaka 1974, leo hulazimika kushindana na TP Mazembe, klabu ya kandanda ya Lubumbashi iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Anayeandika "Virunga" akimtafuta Samba Mapangala na bendi yake huletewa milima, mbuga na sokwe. Sisemi kwamba wazee hawa walikosea. Wakati wao msikilizaji alikwenda dukani, akataja wimbo, naye muuzaji akampa sahani ya santuri. Muuzaji yule alikuwa na masikio, na palipokuwa na utata aliuliza swali.

Wapo waliokimbilia upande wa pili, wakavuruga tahajia kwa makusudi. Bendi moja ya Uskoti hujiandika CHVRCHES, kwa herufi v mahali pa u, ili isichanganywe na makanisa ya kweli. Kwetu, Diamond Platnumz ameliandika jina la madini ya platinamu kwa namna isiyopatikana katika kamusi yoyote. Hila hii huleta upekee, lakini huzaa tatizo jingine: anayelisikia jina hilo redioni hajui liandikwe vipi.

Msomaji aweza kunipinga hapa: mbona Diamond hupatikana? Mbona Harmonize, aliyejiita kwa kitenzi cha kawaida cha Kiingereza, hupatikana pia? Pingamizi hili ni la haki. Hao hupatikana kwa kuwa wamekwisha kuwa mashuhuri, na mtambo hufuata umati. Umaarufu uliwatangulia, ukalifungulia jina njia. Kijana wa Kehancha ambaye wimbo wake umechezwa mara moja tu redioni hana umati wa kumsafishia njia. Ana jina tu.

Kwa hiyo jina jema lazima lifaulu mitihani miwili. Wa kwanza ni wa upekee: je, kuna mwingine alitumiaye? Wa pili naupa jina ambalo kila mwalimu analijua, yaani imla. Litamke jina mara moja mbele ya wanafunzi kumi, uwaambie waliandike, kisha ukusanye madaftari. Ukipata tahajia moja, una jina. Ukipata tano, una majina matano, na manne kati yake yatampoteza msikilizaji.

Majina ya Kikuria hufaulu vizuri mtihani wa kwanza, lakini huanguka ule wa pili, na kosa si la lugha. Igikuria ina irabu saba, ilhali alfabeti tuliyoizoea ina herufi tano tu za kuziandika. Ndiyo maana kuna Kehancha na Kihancha, Isebania na Isibania. Wakuria wa Kenya aghalabu huandika Boke, ndugu zao wa Tanzania wakaandika Bhoke. Ala ile moja huitwa iritungu, ritungu na litungu. Mtambo, kwa kweli, umefundishwa kusahihisha tahajia, lakini husahihisha kwa kufuata wengi. Neno la lugha yenye maandishi machache yaweza "kusahihishwa" hadi likawa la lugha nyingine.

Dawa haiko mbali. Ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Mara, ndiko alikotoka Daniel Owino Misiani, gwiji wa benga aliyefariki mwaka 2006. Bendi yake iliitwa Shirati Jazz. "Jazz" peke yake ni muziki wa dunia nzima. "Shirati" peke yake ni mji. Yakiunganishwa, humwongoza mtafutaji moja kwa moja kwa Misiani. Wazee walipachika jina la mahali kwa ajili ya fahari, nasi leo tunavuna faida ambayo hawakuiwazia. Kijana wa Kehancha naye aweza kuunganisha iritungu na Bukira, Bugumbe, Nyabasi au Bwirege, au jina lake na la babake, akapata maneno mawili ambayo hayapatikani pamoja kokote kwingine.

Akishachagua, asibadilishe. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 jijini Dar es Salaam ilikuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, hasa kwa kufuata jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Mwanafunzi anayetaka kuzisikiliza kazi zake zote leo lazima ayajue majina yote manne. Vivyo hivyo, anayeandika iritungu katika wimbo wa kwanza na litungu katika wa pili amejigawa mwenyewe.

Walimu wenzangu, hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Lugha za asili zimo katika mtaala wa madarasa ya chini nchini Kenya, na kamusi ya Kikuria na Kiingereza ilichapishwa tangu mwaka 1996. Hata hivyo, wengi wetu huichukulia tahajia ya lugha ya mama kama jambo la hiari, kila mtu na yake. Mtoto anayekua akiamini kwamba lugha yake haina mwandiko maalumu atakapotaka kujipa jina atakimbilia Kiingereza, akidhani amekwenda penye nuru, kumbe amejitosa penye msongamano. Tumfundishe kuandika Igikuria kwa namna moja, tena kwa ukali uleule tunaotumia katika Kiswahili. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, maadamu mwenye kulitafuta anajua liandikwavyo.