Kwa Nini Intaneti ya Dishi Huwa Nzito Ifikapo Jioni?



Kila tunapotembelea vituo vyetu vya vijijini tunakutana na swali lile lile. Wahudumu wa zahanati, walimu na vijana wanatuuliza: "Mbona asubuhi intaneti inakwenda vizuri, lakini ikifika saa 1 usiku inakuwa kama imekufa?" Katika toleo hili tumeona ni vema tulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu majibu yake yanagusa fedha za michango yenu na huduma zinazowafikia watu.

Nasi wenyewe tatizo hili limetugusa. Katika kituo chetu kimoja, dishi moja linahudumia zahanati, ofisi na chumba cha kompyuta cha vijana. Kijana mmoja aliyekuwa akijaza maombi ya mkopo wa masomo ya chuo alikatikiwa mara tatu usiku mmoja, ikiwa imebaki siku moja tu kabla ya tarehe ya mwisho. Ilibidi mlinzi amfungulie chumba saa 11 alfajiri, na hapo maombi yakaenda mara moja. Wiki hiyo hiyo mhudumu wa zahanati alishindwa kutuma picha ya jeraha la mgonjwa kwa daktari wa wilaya hadi kulipokucha. Kamati ikakaa, na wengi wakapendekeza tununue kifurushi cha bei mara mbili. Kabla ya kufanya hivyo, tuliamua kwanza kuelewa tatizo linatoka wapi.

Safari ya kwenda angani na kurudi

Mpaka mwaka 2009, karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya Afrika Mashariki na nchi za nje yalipita kwenye setilaiti. Mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na miji mingi ikaanza kuhama. Vijiji vilivyo mbali na mkongo na minara ya simu vimeendelea kutegemea dishi.

Setilaiti nyingi zinazohudumia madishi haya zimekaa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi likishafungwa halihitaji kugeuzwa tena. Ukibonyeza ili ukurasa ufunguke, ombi lako hupanda hadi kwenye setilaiti, kisha hushuka kwenye kituo kikuu cha mtoa huduma. Jibu nalo hupanda na kushuka vivyo hivyo. Jumla ni kilomita 144,000. Mawimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo peke yake huchukua karibu nusu sekunde.

Ucheleweshaji huo upo usiku na mchana, hata kama uko peke yako kwenye mtandao. Ndio unaofanya mazungumzo ya simu kupitia dishi yawe na kimya kidogo kabla ya mwenzako kujibu. Lakini umbali wa setilaiti haubadiliki jua likizama. Basi uzito wa jioni una sababu nyingine.

Bomba moja, ndoo nyingi

Tufikirie bomba la maji la kijiji. Saa 8 mchana ukienda unajaza ndoo yako na kuondoka. Saa 12 jioni unakuta foleni, ingawa maji yanatoka kwa kasi ile ile. Setilaiti nayo ni bomba. Nafasi yake ni ghali, kwa hiyo mtoa huduma huwauzia wateja wengi nafasi moja akitegemea kwamba hawataitumia wote kwa wakati mmoja.

Tuseme umenunua kifurushi cha megabiti 4 kwa sekunde, na nafasi hiyo inagawanywa kwa wateja 20. Ukiwa peke yako, picha ya megabaiti 3 itashuka kwa sekunde 6. Wote 20 wakipakua kwa pamoja, kila mmoja anabaki na megabiti 0.2, na picha ile ile inachukua dakika 2. Hakuna kilichoharibika. Ni foleni tu.

Foleni hiyo huja jioni kwa sababu jioni ndipo watu wametoka shambani na kazini, na wengi hutazama video, ambazo hula nafasi kuliko barua pepe au maandishi. Tena eneo linaloangazwa na setilaiti moja linaweza kuvuka mipaka ya nchi kadhaa. Kwa hiyo unayepanga naye foleni si lazima awe jirani yako. Anaweza kuwa katika nchi nyingine kabisa.

Sababu nyingine tatu

Ya kwanza ni foleni ya ndani ya nyumba yetu wenyewe. Simu janja nyingi zikiingia kwenye wai-fai huanza kupandisha picha na kusasisha programu bila mwenye simu kujua. Kompyuta nazo hufanya hivyo.

Ya pili ni kikomo cha matumizi. Vifurushi vingi vina kiasi kilichopangwa kwa siku au kwa mwezi. Mkikivuka, mtoa huduma hupunguza kasi. Kituo kinachomaliza kiasi cha siku alasiri kitaona uzito jioni, na kudhani ni foleni.

Ya tatu ni mvua. Matone ya maji hudhoofisha mawimbi kati ya dishi na setilaiti. Wakati wa masika, mvua kubwa ya jioni inaweza kukata huduma kwa muda. Huduma hurudi mvua ikipungua.

Jinsi ya kujua tatizo lenu ni lipi

Hapa hahitajiki fundi wa kutoka mjini. Chukueni daftari na mpime kasi kwa siku saba, mara tatu kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 6 mchana na saa 2 usiku. Kila mara pimeni mara mbili. Kwanza watu wote wakiwa wanatumia kama kawaida. Kisha zimeni wai-fai na muunganishe kompyuta moja tu kwa waya. Andikeni pia kama kulikuwa na mvua.

Ikiwa saa 2 usiku kompyuta moja peke yake inakwenda vizuri, foleni ni ya ndani. Ikiwa hata peke yake ni nzito, lakini alfajiri ni nyepesi, foleni iko kwa mtoa huduma. Ikiwa mwisho wa mwezi ni nzito hata alfajiri, angalieni kikomo cha matumizi. Ikiwa ni nzito siku za mvua tu, hiyo ni hali ya hewa.

Katika kituo chetu daftari lilituonyesha mambo mawili. Kompyuta zetu zilikuwa zimepangwa kujisasisha saa 2 usiku, na simu za wageni zote zilikuwa zimeunganishwa. Hilo lilikuwa kosa letu. Lakini hata tulipozima vyote, kasi ya usiku haikufikia ile ya alfajiri. Kununua kifurushi kikubwa kungeficha kosa letu, na michango ya watu ingelipia usasishaji wa kompyuta.

Tuliyoyafanya

Tulihamishia usasishaji saa 8 usiku. Tulibadili neno la siri la wai-fai. Fundi alipanga ruta ili kompyuta ya zahanati ipewe nafasi kwanza. Kwa vijana tuliweka programu ya Kiwix, inayohifadhi Wikipedia ndani ya kompyuta ili isomwe bila intaneti. Maombi na fomu zenye tarehe ya mwisho sasa hujazwa asubuhi, si usiku.

Kwa mtoa huduma tulipeleka daftari na kuuliza maswali matatu, ambayo nanyi tunawashauri muulize kabla ya kusaini mkataba: Nafasi hii inagawanywa kwa wateja wangapi? Kasi ya chini kabisa mnayotuhakikishia jioni ni ipi? Je, kuna saa za usiku ambazo matumizi hayahesabiwi?

Je, setilaiti mpya zitamaliza tatizo?

Wengi wanatuuliza kuhusu Starlink, ambayo setilaiti zake ziko karibu zaidi na ardhi. Ni kweli ule ucheleweshaji wa nusu sekunde unapungua sana. Lakini kugawana kunabaki pale pale. Kenya ilianza kupata huduma hiyo mwaka 2023, na ilipofika Novemba 2024 kampuni ilisimamisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Bomba likiletwa karibu, safari ni fupi. Foleni bado inategemea idadi ya ndoo.

Zahanati yetu bado huona uzito kidogo saa 2 usiku, hatutawaficha. Lakini picha ya mgonjwa sasa inaondoka usiku ule ule, na fedha za kifurushi kikubwa bado zimo kwenye mfuko wa kituo. Tunawaomba vituo vingine muanze daftari lenu mwezi huu, na mtuletee matokeo katika mkutano wa robo mwaka ijayo, ili tukienda kuzungumza na watoa huduma tuzungumze kwa sauti moja, tukiwa na hesabu mkononi.