Kukaa Kitako Darasani

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo jirani na Soko la Kariakoo aghalabu atakuta watoto wamebanana madawatini, na ua wa shule umesongwa na maduka. Amri ya kwanza itakayomjia mdomoni ni "Kaeni kitako, mtulie." Sisi wakufunzi tumechangia kosa hili, maana mara nyingi tumemsifu mwalimu ambaye darasani mwake hajongei mtu.

Hasara ya kukaa mno yafaa ielezwe pamoja na sababu zake. Misuli ya mapaja na miguu ni miongoni mwa iliyo mikubwa mwilini. Inapofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na vigimbi husaidia kuisukuma damu irudi moyoni. Mtu akikaa saa nyingi bila kuinuka, kazi hizo hupungua. Siku moja haidhuru. Desturi ya miaka ndiyo huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari.

Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva walikaa, makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta hawakuugua sana maradhi ya moyo kama madereva. Baadaye ilionekana kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, hivyo kukaa hakukuwa sababu pekee. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeunga mkono rai ya Morris. Mfano wa namna hiyo tunao mlangoni petu: mchukuzi asukumaye mkokoteni Mtaa wa Msimbazi, na fundi cherehani wa barazani, ambaye ni nyayo na mikono tu inayocheza. (Wala tusidhani kwamba mchukuzi yu salama, mgongo wake una masaibu yake.)

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayoharakisha pumzi. Mchakamchaka waliokimbia wazazi wao hauwezekani kirahisi katika mitaa hii. Basi, japo hautatimiza dakika zote hizo, mwendo uingie ndani ya somo lenyewe.

Tulimwona mwalimu mwanafunzi mmoja akifundisha hesabu za fedha darasa la tatu. Alibandika bei za nyanya, vitunguu na dagaa katika kuta nne. Safu moja iliondoka kwenda kusoma bei, ya pili ilisimama mahali pake ikikokotoa chenji, ya tatu ikaandika, kisha zikapokezana. Kelele zilikuwapo, hata mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mtoto mmoja atembeaye kwa magongo alifanywa mwenye duka, jambo tulilolilaumu baadaye: yeye peke yake alikaa kipindi kizima, ilhali angeweza kusimama na kubandua bei ukutani.

Katika andalio la somo iandikwe wazi dakika ambayo wanafunzi watainuka, na kazi watakayoinukia. Kwa kipindi cha dakika 40, mara mbili zatosha. Safu ya nyuma ianze, kwa kuwa ndiyo isahauliwayo.