Mkwawa na Mukwava: Maana ya Jina la Mhusika

Mwaka 1979 M. M. Mulokozi alitoa tamthilia iitwayo Mukwava wa Uhehe. Msomaji aweza kulidhani jina hilo kuwa tahajia nyingine tu ya Mkwawa. Yafaa tulitazame kwa makini, maana ndani yake mna hoja juu ya namna mtu mweusi anavyochorwa katika fasihi.

Kihehe husema Muhehe, na katika wingi Vahehe. Kiswahili husema Mhehe na Wahehe. Irabu u ya kiambishi imeanguka, na mahali pa v pamekaa w. Kwa njia hiyo hiyo Mukwava amekuwa Mkwawa. Umbo hili la pili si kosa. Lakini ni umbo la wale waliomtaja kutoka nje.

Na kutoka nje alitajwa sana. Mnamo Agosti 1891 watu wake waliangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo. Kalenga, ngome yake, ilianguka mwaka 1894. Naye akajiua mwaka 1898 asikamatwe. Fuvu lake liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Katika hati za namna hiyo mtawala huyu ni adui, kisha ni mfupa: hutajwa, lakini hasemi. Tamthilia humpa kinywa, na jina la kwao huonyesha ni kinywa cha nani.

Hata hivyo, mfano wa mshenzi haukomeshwi kwa kuweka mahali pake mfano wa shujaa asiye na ila. Upande wa Mbeya, Merere wa Usangu, ambaye watu wake walikwisha kufukuzwa na Wahehe, alishirikiana na Wajerumani. Tena vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wahehe wengi hawakuinuka. Walikaa upande wa serikali ile ile iliyokuwa imewavunja.

Basi mwalimu wa Mbeya afundishaye habari hizi huenda ana watoto wa Kisangu mbele yake. Akiwaambia kwamba Mukwava alikuwa shujaa na Merere msaliti, bila zaidi, atakuwa amerudia kazi ya hati za zamani: kumtaja mtu na kumnyima kauli. Mhusika mweusi huvunja mfano aliowekewa pale anapopewa sababu zake, na adui yake mweusi naye akapewa zake.