Jiko la umeme nyumbani: kagua breka kabla hujatuma hela

Wengi wenu mnawatumia watu wa nyumbani hela ya jiko la umeme, mama apumzike na moshi wa kuni. Jiko likishanunuliwa, inakuja simu ya pili: "Fundi anasema inatakiwa breka na waya, tuma tena." Hapo wengi hulipa bila kujua wanalipia nini. Leo tunawaeleza hesabu yake, ili hata ukiwa Muscat au Doha uweze kuikagua mwenyewe.

Breka inalinda nini?

Breka kazi yake kubwa si kulinda jiko, ni kulinda waya uliofichwa ukutani. Ichukulie kama kikomo cha kutoa pesa kwenye akaunti: ukikipita, inagoma. Waya ukibebeshwa umeme kuliko uwezo wake unapata joto, ganda linayeyuka, na nyumba uliyoijenga kwa miaka ya jasho inaweza kuungua. Breka sahihi inakata kabla mambo hayajafika huko.

Kanuni ni hii: umeme unaovutwa na jiko usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya.

Hesabu yenyewe

Nyuma au pembeni ya jiko kuna kibandiko kinachoonyesha wati (W). Gawanya wati hizo kwa volti, unapata ampea. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya 240. Ukitumia 230 kote utakuwa upande salama.

1. Jiko dogo la mezani la pleti mbili, wati 2,000: 2,000 ÷ 230 = ampea 8.7. Hili linatosha kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13. Lichomekwe soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni.

2. Jiko mchanganyiko, gesi juu na pleti moja ya umeme pamoja na oveni, wati 4,000: ampea 17.4. Plagi ya ampea 13 hailiwezi. Linataka laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, breka ya ampea 20, na waya wa shaba wa milimita 4 za mraba.

3. Jiko la pleti nne na oveni, wati 6,000: ampea 26.1. Breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6.

Breka ya 32 mwisho wake ni wati 7,360. Jiko likizidi hapo, mwulize fundi kuhusu breka ya 40 na waya wa milimita 10. Na kama laini ni ndefu au inapita mahali penye joto kali, fundi anaweza kutaka waya mnene zaidi. Hapo hakuibii.

Kwenye breka utaona maandishi kama B32 au C32. Namba ndiyo ampea. Herufi inaonyesha breka inavumilia kiasi gani umeme unaoruka ghafla, kama wa mota inapoanza. Jiko halina mruko huo, kwa hiyo B inatosha. Fundi akileta C, mwambie ahakikishe eathi ya nyumba ni nzuri.

Mtego wa kuukwepa

Breka inakata kila wakipika. Mtu anakuja, anatoa ya 20, anaweka ya 40, waya ule ule. Haikati tena, wote wanafurahi. Kumbe mlinzi ameondolewa na hatari imebaki ukutani. Breka ikikata mara kwa mara, kwanza itafutwe sababu: jiko bovu, waya mwembamba, au maungio yaliyolegea.

Jambo lingine: breka ya kawaida haimwokoi mtu aliyeshikwa na umeme. Ongeza bajeti ya kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na eathi iliyopimwa.

Mlioko Marekani, msikimbilie kutia jiko la huko kwenye kontena. Mfumo wa huko unachanganya volti 120 na 240, na saa, taa au vidhibiti vyake vinaweza kuungua nyumbani.

Kabla ya kutuma, omba vitu vinne

- Picha ya kibandiko cha jiko.
- Picha ya breka, namba ionekane.
- Picha ya maandishi kwenye waya na risiti ya duka.
- Picha ya leseni ya fundi: Tanzania Bara inatolewa na EWURA, Kenya na EPRA.

Tuma hela ya vifaa kwanza. Ya ufundi imalizie jiko likishawashwa pleti zote na oveni kwa nusu saa, breka haijakata na waya haujapata joto. Tofauti ya bei kati ya waya mwembamba na unaofaa ni ndogo sana ukilinganisha na nyumba. Hapo tusibane.