Pombe za Jikoni (2): Ulezi Unapochipua

Wiki iliyopita tulimaliza na tembo la mnazi. Utomvu ule hushuka na sukari yake tayari, na hamira iliyobaki kwenye kibuyu tangu jana huanza kazi kabla mgema hajakanyaga ardhi. Nafaka haina ukarimu huo.

Tuchukue mbege ya Wachagga, maana mkazi wa Upanga anaweza kukusanya karibu mahitaji yake yote bila kupanda basi la Moshi. Ulezi upo kwa wauza nafaka wa Kariakoo. Ndizi zinashushwa Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Kinachosumbua ni gamba la msesewa, linalotia ule uchungu unaobaki ulimini. Hilo huja na watu wanaorudi mjini baada ya Krismasi.

Kazi yenyewe ni kimea. Punje ya ulezi imejaa wanga, na hamira haili wanga, inakula sukari tu. Ukiuloweka ulezi usiku kucha, ukauchuja na kuufunika kwa gunia bichi siku mbili tatu, punje huamini masika yameingia. Inatoa vimeng'enya vya kuuvunja wanga uwe sukari ya kulishia mche. Mpika pombe anaingilia hapo hapo: anaanika, mche unakufa, vimeng'enya vinabaki hai ndani ya punje kavu, kisha anasaga.

Kuanika ndiko kunakowashinda watu wa ghorofani. Unyevu wa Dar es Salaam ni mwingi, na kibaraza chenye kivuli hukausha polepole mno. Kimea kikiota ukungu kitupwe, hata kama ni debe zima. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa; mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yale yalikuwa yamepikwa.

Ndizi zilizoiva sana huchemshwa kwa maji hadi zigeuke rangi ya kahawia, zikaachwa zichache siku kadhaa. Hiyo ni nyalu. Unga wa kimea hupikwa uji, uitwao mso, ukapozwa, ukachanganywa na nyalu iliyochujwa. Kesho yake watu wanakunywa. Wengi hukosea kwenye moto. Vimeng'enya hufanya kazi upesi zaidi uji ukiwa kwenye nyuzijoto 60 na kitu, na ukitokota vinakufa. Bibi asiye na kipimajoto hupasha taratibu huku akikoroga, naye yuko sahihi kuliko kijana aliyewasha gesi yote. Mwenye haraka zaidi humwaga sukari ya dukani na hamira ya maandazi. Atalewa, sibishi, lakini mimi sitaiita mbege.

Wasioonja kilevi, na Upanga ni wengi, nao wana haki yao katika kimea hiki. Togwa hutokana nacho: uji mzito ukitiwa kimea kidogo unalainika na kuwa mtamu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imewahi kuhimiza kimea kwenye uji wa watoto kwa sababu hiyo hiyo, mtoto ale unga mwingi zaidi bila uji kuwa mgumu kumeza.

Gongo simfundishi mtu. Kuipika bila leseni ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966, na mnywaji hajui muuzaji ameongeza nini. Novemba 2000, huko Mukuru, Nairobi, pombe haramu iitwayo kumi kumi, iliyotiwa methanoli, iliua watu zaidi ya 100 na kupofusha wengine.

Tahadhari moja ya nyumbani: mbege inaendelea kutoa gesi hata ukishaichuja. Usiikaze kifuniko kwenye chupa ya kioo. Iache ipumue, na inywewe mapema, kwani siku chache tu inageuka kali kama siki.

Wiki ijayo: wanzuki, na kwa nini asali isiyozimuliwa haichachi.