Wagoni dogo lenye sura ya mbio: lipi la kukufikisha kazini kila siku ukiishi Segese?

Ukiishi Segese, Halmashauri ya Msalala, asubuhi una njia tatu za kufika kazini: bodaboda, mchomoko wa kubanana siti ya nyuma, au gari lako mwenyewe. Anayefanya kazi Kahama mjini, Bugarama au Kakola karibu na mgodi wa Bulyanhulu, akishalipa nauli miaka miwili mitatu, anaanza kupiga hesabu za gari.

Na vijana wengi wakianza kuangalia gari, macho hayaishii kwenye Probox. Yanaenda kwenye Subaru Impreza, Toyota Caldina au Corolla Fielder yenye rimu kubwa. Magari madogo ya wagoni, mgongo mrefu, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na sura ya kukimbia.

Je, gari la namna hiyo linafaa kwa safari ya kila siku huku kwetu? Jibu fupi ni ndiyo, kwa masharti matatu: injini isiwe na turbo, gari lisiwe limeshushwa, na spea zake zipatikane karibu. Ukivunja hata moja, kuna uwezekano mkubwa gari likaegeshwa nyumbani huku wewe umerudi kwenye mchomoko, na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara.

Tuangalie moja moja.

Kwa nini wagoni na sio saluni

Gari la Segese lina kazi nyingi. Jumatatu linakupeleka kazini, Jumamosi linabeba gunia la mpunga, Jumapili linabeba familia. Wagoni linakupa nafasi hiyo ya nyuma bila ukubwa na gharama za gari kubwa la juu. Ukilaza siti za nyuma, gunia, godoro au baiskeli ya mtoto vinaingia.

Kwa matumizi ya kila siku, wagoni dogo lina akili. Tatizo linaanza kwenye neno "mbio".

Turbo inakula kiasi gani

Chukua mfano wa mtu anayetembea kilomita 80 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 2,080. Tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi utaiona kwenye tangazo la EWURA, linalotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

- Gari la cc 1,500 linalotembea kilomita 14 kwa lita: lita 149, kama shilingi 447,000.
- Gari la kilomita 12 kwa lita: lita 173, kama shilingi 519,000.
- Gari la turbo linalotembea kilomita 9 kwa lita: lita 231, kama shilingi 693,000.

Kati ya la kwanza na la mwisho kuna tofauti ya shilingi 246,000 kila mwezi. Kwa mwaka inakaribia milioni 3. Na hapo barabara ni ile ile, muda wa kufika karibu ni ule ule, maana mbele yako kuna lori, ng'ombe na vumbi.

Kuna jambo lingine watu wanasahau. Tangu 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na gharama hiyo ikahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake, gari linalokunywa sana linalipa zaidi kila ukisimama kituoni.

Nusu ya rula ya shule

Chukua rula ya mwanao ya sentimita 30, ikate nusu kwa macho. Hizo sentimita 15 ndizo nafasi iliyopo kati ya ardhi na tumbo la Impreza au Fielder nyingi zikiwa kama zilivyotoka kiwandani. Sio nyingi, ila kwa dereva makini zinatosha.

Sasa kuna jamaa anakata springi ili gari likae chini, anaweka na bampa la kushuka. Zikibaki sentimita 10, jiwe moja la barabara ya changarawe linatosha kupasua sampo. Oili ikimwagika na wewe hujaona taa ya oili, injini imeisha.

Barabara ya Kahama hadi Kakola kupitia Segese, kilomita 73, imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi kabla ya mradi wa kuiweka lami. Hata lami ikikamilika, njia za kuingia vijijini, kwenye maduara na kwenye plant za kuchenjulia dhahabu zitabaki za udongo. Gari lako litapita kote huko.

Tairi nazo zina siri yake. Ukiona imeandikwa 195/65R15, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127. Tairi ya 225/40R18 ina ukuta wa milimita 90 tu. Rimu kubwa inapendeza kwenye picha, ila kwenye shimo inapokea kishindo chote yenyewe. Inapinda, tairi inatoboka ubavuni, na shokapu na bushi zinachoka mapema. Kwa Segese, rimu za inchi 15 zenye tairi nene ndizo rafiki yako. Ukinunua gari lenye rimu 18, ziuze.

Tatu zinazoshindanishwa sana

*Corolla Fielder.* Matoleo ya 2000 hadi 2006, 2006 hadi 2012, na lile lililoanza 2012. Nyingi zina injini ya 1NZ ya cc 1,496, familia moja na ile ya Probox. Hiyo ni faida kubwa, maana fundi anayeijua Probox anaijua na Fielder, na michomoko imehakikisha spea hazikosekani Kahama. Injini hii inatumia cheni, sio belti ya taimingi. Ukitaka sura ya mbio, tafuta yenye maandishi ya Aerotourer. Kwenye nyingi, hayo ni mapambo ya nje, injini ni ya kawaida. Angalia tu bampa zake zisiwe chini sana. Tahadhari: kwenye toleo la kwanza kulikuwa na Z Aerotourer yenye injini ya 2ZZ ya nguvu 190. Hiyo ni gari ya mbio kweli, na spea za injini yake ni za kutafuta.

*Subaru Impreza.* Hii ndiyo inayopendwa zaidi kwa mlio na mkao barabarani. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, hivyo uzito unakaa chini na gari linashika kona vizuri. Toleo la 2007 hadi 2011 lilikuja na injini za cc 1,500 na 2,000 zisizo na turbo, pamoja na za turbo. Usiamini kila Impreza inavuta tairi nne. Ya cc 1,500 yenye kodi ya GH2 inavuta tairi za mbele tu, GH3 ndiyo inavuta zote. Kodi hiyo iko kwenye kibati cha gari na mwanzoni mwa namba ya chasi.

Kuvuta tairi nne kunasaidia sana msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, udongo mweusi wa mbugani unapogeuka sabuni. Ila kuna gharama: tairi zote nne lazima ziwe saizi moja na zimechakaa sawa, la sivyo unaumiza mfumo wa kugawa nguvu. Ile tabia ya kubadilisha tairi moja ya mtumba haifai hapa. Pia injini za toleo hili zinatumia belti ya taimingi, na umri wake unaopendekezwa ni kama kilomita 100,000. Ikikatika ukiwa barabarani, valvu zinaweza kupinda. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini. Akisema "hiyo haina shida", weka gharama ya belti mpya kwenye bei.

*Toyota Caldina.* Toleo la 2002 hadi 2007 ni zuri kwa sura, na lina nafasi. Lenye cc 1,800 halina makuu. Lenye cc 2,000 lina mfumo wa D-4, unaopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo hautaki mafuta machafu, kwa hiyo kama umezoea kuongezea petroli ya kwenye vidumu njiani, utakuwa mgeni wa kudumu kwa fundi. Kisha kuna GT-Four, turbo ya nguvu 260. Tamu, lakini acha iwe gari ya pili siku ukiwa na hela ya kuchezea.

Tukipanga kwa safari ya kila siku: Fielder ya cc 1,500 kwanza. Impreza isiyo na turbo ya pili, hasa kama njia yako ina matope na una fundi anayeijua Subaru. Caldina ya cc 1,800 ya tatu, kwa sababu ya umri wake.

Kuagiza nje au kununua la mkononi

Ukiagiza, kodi ndiyo inayoamua. Kwa utaratibu wa miaka kadhaa sasa, gari la abiria linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 au asilimia 10 ikizidi hapo, kisha VAT asilimia 18. Halafu unakuja umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililopita miaka 10 asilimia 30.

Mfano, gari ambalo TRA inalithamini kwa milioni 10 likiwa limefika bandarini. Likiwa chini ya miaka 8, kodi hizo ni kama milioni 5.5. Thamani hiyo hiyo likiwa limepita miaka 10, zinafika kama milioni 9.9. Bado tozo ndogo ndogo na usajili. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma hata senti, maana viwango vinaweza kuguswa kwenye bajeti ya Juni.

Umeona kitu? Turbo ya cc 1,994 inaingia kundi moja na gari la kawaida la cc 1,500. Bandarini hakuna atakayekuonya. Utaonywa na kituo cha mafuta.

La mkononi ni rahisi zaidi, ila limeshatembea barabara hizi hizi. Kabla hujatoa hela:

- Liwashe likiwa limelala, injini ya baridi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokata hata injini ikipata moto ni dalili ya gasketi ya silinda hedi.
- Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utelezi kama maziwa, ondoka.
- Lipandishe, angalia sampo, ekzosi na bushi. Alama za kugonga mawe hazidanganyi.
- Lipitishe barabara ya vumbi kilomita kadhaa, redio imezimwa. Sikiliza.
- Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayeuza, namba ya chasi inafanana, na angalia deni la faini za barabarani. Kisha mbadilishe umiliki TRA mapema.

Vumbi ndilo adui wa kila siku

Ukishalipata, ratiba ya Dar es Salaam haikufai. Kagua chujio la hewa kila wiki mbili, lipulize au libadilishe. Osha rejeta kwa maji ya nguvu ndogo, kwa sababu vumbi na wadudu wakiziba mapezi yake gari linachemsha. Usisogeze siku ya kumwaga oili. Tenga kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya tairi na shokapu, kama unavyotenga hela ya kodi ya nyumba.

Ukitaka kupakia wenzako kwa malipo ili kupunguza makali, jua kwamba kubeba abiria kwa nauli kunahitaji leseni ya LATRA. Bila hiyo, ajali ikitokea, bima inaweza kukugeuka.

Breki kwanza

Gari lenye sura ya mbio linamshawishi dereva. Kwenye changarawe, kusimama kunachukua umbali mrefu zaidi kuliko kwenye lami, na breki za ABS haziondoi hilo. Tairi nne zinazovuta zinakusaidia kuondoka, hazikusaidii kusimama. Ukiwa nyuma ya lori na vumbi limefunga, usilipite usichokiona mbele yake. Ukiingia kwenye makazi, 50 ni 50: kuna watoto wa shule, kuna ng'ombe jioni.

Kwa hiyo kabla hujampigia dalali, andika vitu vitatu kwenye simu yako: kilomita unazotembea kwa mwezi, bei ya lita ya mwezi huu, na jina la fundi aliye karibu anayeijua injini hiyo. Kama mafuta yanakula zaidi ya unachookoa kwenye nauli na muda, au nafasi ya jina la fundi imebaki wazi, hilo gari bado sio lako.